Filamu za zamani za madereva wa malori: hatari ilikuwa barabarani au kwenye malipo?

#1 Breki ya Upepo

Wakuu, salaam.

Nimekuwa nikizirudia filamu za zamani za madereva wa malori, kuanzia zile nyeusi na nyeupe hadi za miaka ya 70 zenye redio za CB (za madereva kuzungumza wakiwa barabarani) na masherifu wakali, yaani wakuu wa polisi wa wilaya kule Marekani. Kuna jambo nimeliona, naomba tulijadili. Kwenye filamu hizi dereva hauawi na mlima wala daraja bovu. Anauawa na namna anavyolipwa.

Tazameni Hell Drivers ya Uingereza, 1957. Stanley Baker ametoka jela, anapata kazi kwenye kampuni ya kubeba kokoto. Malipo ni kwa tripu, na ukipiga tripu chache unafukuzwa. Mnyapara wao ni Red (Patrick McGoohan), yeye ndiye anayepanga kasi, na kuna kasha la sigara la dhahabu kwa atakayempita. Basi watu wazima wanapitana kwenye barabara nyembamba za mashambani na mzigo umejaa. Baadaye inafichuka kwamba meneja anachukua fedha za madereva wengi kuliko alionao, na ziada anagawana na Red. Kumbe mbio zote zile ni watu wachache kufanyishwa kazi ya watu wengi!

They Drive by Night (1940) nayo ni hivyohivyo. Ndugu wawili, George Raft na Humphrey Bogart, lori lao lina deni, mdai anawafuata barabarani, kulala ni hasara. Bogart anasinzia kwenye usukani, lori linaanguka, anapoteza mkono.

Siku hizi filamu ya lori ni milipuko mitupu, hujui hata jamaa analipwa na nani. Kwa nini zile za zamani ziliisha? Karibuni.

#2 Sinema Usiku

Uzi mzuri, ila hoja umeivuta mno. Baba wa filamu hizi zote ni Le Salaire de la peur ya Henri-Georges Clouzot, 1953, iliyochukua tuzo kuu Cannes na Berlin mwaka mmoja. Watu wanne, malori mawili, nitrogliserini ya kuzimia moto wa kisima cha mafuta. Pale kinachokubana pumzi ni barabara yenyewe. Kuna kipande chenye matuta madogomadogo ambapo lazima uende taratibu mno au ukaze mwendo hadi tairi zipite juujuu. Ukiwa katikati ya hapo unalipuka. Kuna kona ambayo lori linarudi nyuma juu ya jukwaa la mbao zilizooza. Kuna bwawa la mafuta. Ili uogope huhitaji kujua mshahara wa mtu.

#3 Banda la Video

Nyie wasomi endeleeni na nyeusi na nyeupe zenu. Sisi wa mabanda ya video dereva wa lori ni mmoja tu: Lincoln Hawk, Over the Top, 1987. Stallone anageuza kofia nyuma, banda zima linasimama. Mtaani kwetu kila meza iligeuka uwanja wa kukunjana mikono, mwalimu wa hesabu akapiga marufuku.

#4 Breki ya Upepo

Sinema Usiku, rudia ile sehemu ya kuwachagua madereva. Wanaahidiwa dola 2,000 kila mmoja, na wote wamekwama kwenye kile kijiji, hawana nauli ya kutokea. Bosi wa kampuni ya mafuta anasema waziwazi kwamba anawataka hao walalahoi kwa sababu hawana chama cha wafanyakazi wala familia, wakilipuka hakuna atakayekuja kumsumbua. Mwenye chama na mwenye ndugu wasingepewa ule mzigo. Kwa hiyo kabla hujafika kwenye matuta, hatari imeshapangwa ofisini.

Banda la Video, hata huyo Hawk wako ni mlalahoi. Anakwenda Las Vegas kushindana, na zawadi mojawapo ni lori jipya. Lake la zamani ameliuza akaweka dau.

#5 Kitonga Usiku

Hiyo ya Clouzot nilichoipendea ni mandhari ya Amerika Kusini. Joto unalisikia hadi sebuleni.

#6 Sinema Usiku

Mkuu, hakuna hata mguu uliokanyaga Amerika Kusini. Walipiga picha kusini mwa Ufaransa, maeneo ya Camargue na Gard. Kijiji kizima kilijengwa.

#7 Kitonga Usiku

Basi hao jamaa walikuwa mafundi wa kutisha. Asante.

#8 Dereva wa Tunduma

Nimesoma kimya, sasa niseme. Mimi ni dereva, Dar hadi Tunduma, mara nyingine navuka hadi Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Hizo filamu sijaziona zote, ila Hell Drivers niliionyeshwa na kijana wangu kwenye simu, na mleta uzi amesema kweli tupu.

Niliwahi kufanya kazi kwa tajiri mmoja anayelipa kwa safari. Mshahara ni jina tu, kinacholisha nyumba ni posho ya safari. Sasa gari likikwama kwenye foleni ya mpaka, ile posho unaila palepale kwa chai na maji ya kuoga. Ukishafunguliwa unataka kufidia siku zilizopotea. Unapita Mafinga macho mekundu, unashuka mteremko wa Kitonga usiku wakati ulitakiwa uwe umelala. Halafu likitokea la kutokea, gazeti linaandika "uzembe wa dereva". Hakuna anayeuliza alikuwa amesimama Tunduma tangu lini.

Yule Bogart wenu aliyesinzia namwelewa kabisa. Usingizi wa usukani hauna ubishi, unakuja na macho yako yakiwa wazi.

#9 Msee wa Salgaa

Niaje wakuu. Mimi ni wa upande wa Nakuru, Kenya. Kule Salgaa tulizika watu wengi kwa sababu ya madereva kutoa gia na kuachia lori literemke frii. Serikali ikaweka ukuta wa kutenganisha barabara, polisi wakajaa. Lakini kwa nini mtu atoe gia akijua breki za upepo zinaweza kumwangusha? Ni dizeli. Anaokoa lita kadhaa, anaziuza pale kituoni, hiyo ndiyo nyongeza yake ya mshahara. Sitetei, nasema tu ndivyo ilivyokuwa. Nani atatengeneza filamu ya hicho?

#10 Sinema Usiku

Pole Dereva wa Tunduma, na Msee. Maisha yenu siyabishii, nabisha kuhusu filamu. Miaka ya 70, ambayo ndiyo miaka ya dhahabu ya malori, habari za malipo zinapotea. Convoy ya Sam Peckinpah, 1978, imetokana na wimbo wa C.W. McCall wa 1975. Kris Kristofferson anaongoza msururu wa malori, sherifu Ernest Borgnine anawafukuza. Pale ni hasira dhidi ya askari wala rushwa. Mshahara haumo.

#11 Usukani Ohio

Naendesha semi (lori la trela) huku Ohio, Marekani, naomba niingie kwenye hilo la Convoy.

Oktoba 1973 Waarabu walizuia mafuta, bei ya dizeli ikapanda. Januari 1974 Rais Nixon akatia saini mwendo wa mwisho wa maili 55 kwa saa nchi nzima. Dereva mwenye gari lake analipwa kwa maili. Ukimpunguzia mwendo umemkata maili za siku, maana yake umemkata fedha, na wakati huohuo dizeli imepanda. Ndiyo maana Desemba 1973 na mwanzoni mwa 1974 madereva waliziba barabara kuu kwa malori, na kuitana kwao kulikuwa kwa redio za CB. Wimbo na filamu vilikuja baadaye kuvuna kile kilichokuwa kimetokea. Kwa hiyo yule sherifu wa mwendo kasi kwenye filamu anasimama mlangoni pa malipo ya mtu.

Mimi pia nalipwa kwa maili. Nikisubiri ghalani kushushiwa mzigo, muda mwingi haulipwi. Na tangu Desemba 2017 saa zetu zinahesabiwa na mashine iliyofungwa kwenye gari, si daftari tena, kwa hiyo kufidia huwezi.

#12 Breki ya Upepo

Usukani Ohio, umenisaidia kuliko nilivyojisaidia mwenyewe. Na aongezwe Jan-Michael Vincent kwenye White Line Fever ya 1975. Kijana ametoka jeshini, amekopa lori, anakataa kubeba magendo. Hapigwi siku ya kwanza. Kwanza ananyimwa mzigo. Anazunguka kila mahali na lori jipya, hakuna anayempa kazi, huku deni linasoma. Hapo ndipo mtu anaposhika bunduki.

#13 Mpenda Kona

Mnachambua mishahara hadi filamu zinakuwa mkutano wa chama. Mimi nataka magari yaruke mito! Smokey and the Bandit, 1977, Burt Reynolds, bia za Coors kutoka Atlanta kwenda Texarkana, sherifu nyuma. Hakuna malipo pale, ni raha tupu.

#14 Usukani Ohio

Ni kinyume chake, mkuu. Bia zilichukuliwa Texarkana zikapelekwa Atlanta, kwa sababu Coors ilikuwa hairuhusiwi kuuzwa upande wa mashariki. Kreti 400, kwenda na kurudi ndani ya saa 28.

#15 Breki ya Upepo

Na kulikuwa na dau la dola 80,000, Mpenda Kona. Tripu moja, muda umepangwa na tajiri, ukichelewa hulipwi. Karibu mkutanoni.

#16 Mpenda Kona

Duh! Nimekaa mbele kabisa, leteni agenda.

#17 Binti Pwani

Habari zenu. Mnazungumza kana kwamba hizo nyumba zinazosubiri malipo hazina watu ndani. Kwenye They Drive by Night nusu ya mwisho lori linaachwa kabisa. Ida Lupino, mke wa tajiri, anamwacha mumewe amelewa ndani ya gari linalounguruma, mlango wa gereji unajifunga, mume anakufa kwa moshi. Tunaishia mahakamani. Kile kisa cha mauaji walikichukua kwenye filamu yao nyingine ya 1935, Bordertown, wakakibandika. Kwa hiyo hata studio haikuamini kwamba deni la lori linatosha kushika watazamaji hadi mwisho. Hilo ni jibu mojawapo la swali la mleta uzi: hazikuisha, zilikuwa zinaachwa katikati tangu mwanzo.

Na mke wa Bogart mle ndani, yule anayetaka mume apate kazi ya kulala nyumbani, ndiye mtu mwenye akili kuliko wote. Mama yangu alikuwa hivyo. Baba akiwa safarini, simu ya usiku ilikuwa haipokelewi na mtoto.

#18 Dereva wa Tunduma

Binti Pwani, hilo la simu ya usiku wangu analijua. Mpaka leo nikifika napiga mchana.

#19 Tenga la Nyanya

Mmeisahau Thieves' Highway ya Jules Dassin, 1949, na mimi hiyo ndiyo iliyonigusa. Richard Conte anarudi kutoka baharini, anakuta baba yake hana miguu baada ya kudhulumiwa na dalali wa soko la San Francisco. Ananunua tufaa, anaendesha usiku kucha kulifuata soko. Dalali, Lee J. Cobb, anaagiza tairi zake zichanwe ili lori lisiondoke pale mbele ya duka, kisha anauza mzigo wa watu kwa bei anayotaka. Mwenzake anayefuata nyuma na lori bovu anapoteza udhibiti mteremkoni, anakufa, tufaa zinamwagika mlima mzima.

Nimewahi kupeleka nyanya kutoka Ilula hadi Dar. Unafika sokoni alfajiri, dalali anakwambia bei imeshuka jana. Utarudi nazo wapi? Matenga ya chini yameshaanza kutoa maji. Unachukua anachokupa. Hakuna aliyekuchania tairi, joto la Dar linafanya kazi hiyohiyo. Anayejua muda uko upande wake ndiye anayepanga bei.

Aliyeandika ile hadithi, A. I. Bezzerides, ndiye aliyeandika pia riwaya iliyozaa They Drive by Night. Mambo ya malori na masoko aliyajua tangu kwa baba yake.

#20 Sinema Usiku

Hapo Tenga umefungua mlango ambao nadhani ndio jibu lenyewe. Angalieni waliotengeneza. Dassin aliwekwa kwenye orodha nyeusi ya Hollywood, ya watu wa kunyimwa kazi, kwa siasa zake za mrengo wa kushoto, akahamia Ulaya. Cy Endfield wa Hell Drivers ni Mmarekani, naye alikimbia msako huohuo, ndiyo maana filamu yake imetengenezwa Uingereza. Clouzot ilipofika Marekani ilikatwa vipande kwa kudaiwa kuisema vibaya Marekani. Watu waliokuwa wanauliza "nani analipwa nini" walifukuzwa. Filamu haziishi zenyewe, Breki, watengenezaji wake walitawanywa.

#21 Breki ya Upepo

Nakubali kuhusu miaka ya 50. Lakini White Line Fever ilikuja 1975 na inamtukana tajiri hadharani, shujaa anapitisha lori lake kwenye nembo ya kioo ya kampuni. Orodha nyeusi ilikuwa imeshapita. Kilichoua kundi la pili, la miaka ya 70, ni nini?

#22 Kitonga Usiku

Star Wars. Mwongozaji William Friedkin alitoa Sorcerer Juni 1977, hadithi ileile ya Clouzot, Roy Scheider, malori kwenye daraja la kamba mvua inanyesha. Star Wars ilikuwa imetoka Mei. Watu hawakutaka tena tope, wakataka nyota.

#23 Mpenda Kona

Lakini Smokey imetoka Mei hiyohiyo ya 1977, na kwa mapato Marekani mwaka ule ilikuwa ya pili baada ya Star Wars. Malori yalilipa! Sorcerer ilianguka kwa sababu inatisha na haina mtu wa kumpenda.

#24 Sinema Usiku

Na gharama msisahau. Lile daraja lilijengwa kweli, lenye mitambo ya kulitikisa, kwanza Jamhuri ya Dominika. Mto ukakauka. Wakalihamishia Mexico, na huko nako maji yakapungua. Zaidi ya dola milioni 20 ziliteketea kwenye filamu ile. Ukitaka lori la kweli kwenye mto wa kweli, lazima uwe na tajiri mvumilivu, na baada ya hapo hakuna aliyejitokeza.

#25 Usukani Ohio

Mimi nasema sheria. Tarehe 1 Julai 1980 Rais Carter alitia saini sheria iliyolegeza biashara ya malori. Kampuni mpya zikafurika, bei za kubeba mzigo zikashuka, chama cha wafanyakazi cha madereva, Teamsters, kikapoteza nguvu barabarani. Dereva wa miaka ya 70 alikuwa na kipato cha kumfanya awe shujaa, mwenye gari lake na kauli yake. Baada ya hapo akawa mtu wa kuhurumiwa, na Hollywood haipendi shujaa wa kuhurumiwa. Wakampa polisi nafasi yake.

#26 Binti Pwani

Lakini Usukani, mbona mashujaa wa Hell Drivers na Clouzot ni watu wa kuhurumiwa toka dakika ya kwanza? Na filamu zikapendwa.

#27 Mjukuu wa Fiat

Naomba nitoke kidogo kwenye Hollywood. Babu yangu aliendesha barabara ya Zambia miaka ile ya Uhuru. Ian Smith alipojitangazia uhuru Rhodesia, Novemba 1965, njia ya mafuta ya Zambia kupitia kusini ikafungwa. Mafuta yakaanza kubebwa kwa mapipa kutoka Dar, barabara ya vumbi kiangazi na tope masika, hadi bomba la mafuta la TAZAMA, la kutoka Dar hadi Zambia, lilipoanza 1968. Wazungu waliita njia ile Hell Run. Babu anasema gari likizama kwenye tope mnalala hapohapo na mapipa yenu ya petroli, na moto wa kupikia unawashwa mbali.

Malori, mafuta, mlima, nchi nzima inasubiri upande wa pili. Clouzot ilibidi ajenge kijiji cha uongo, sisi kila kitu tulikuwa nacho. Hadi leo hakuna filamu ya hadithi niliyowahi kuiona juu ya watu wale, na wanakufa mmojammoja.

#28 Dereva wa Tunduma

Mjukuu, kama mzee yupo mrekodi wiki hii, usingoje. Muulize walilipwaje, kwa pipa au kwa safari.

#29 Mjukuu wa Fiat

Yupo, Mungu ni mwema. La malipo nitamuuliza. Ninachokumbuka ni kwamba akisimulia barabara anacheka, akifika kwenye tajiri ananyamaza.

#30 Banda la Video

Aisee, mimi nilikuja kwa ajili ya Stallone, sasa nataka filamu ya huyo babu. Afrika hatukosi hadithi, tunakosa mtu wa kukodisha malori ishirini na kuyazamisha kwenye tope kwa miezi mitatu.

#31 Sinema Usiku

Nirudi kwa Usukani na sheria yake ya 1980. Japani studio ya Toei ilikuwa na Torakku Yaro, Bunta Sugawara na malori yaliyopambwa taa na michoro hadi bodi haionekani. Filamu kumi, ya kwanza 1975, ya mwisho Desemba 1979. Carter hakuwa na mamlaka Tokyo. Kama sheria ya Marekani ndiyo iliyoua, mbona Japani waliacha kabla yake?

#32 Usukani Ohio

1979 kulikuwa na mshtuko wa pili wa mafuta baada ya mapinduzi ya Iran. Dizeli ilimgusa kila mtu, Japani hata zaidi.

#33 Breki ya Upepo

Mshtuko wa kwanza ulizaa filamu, wa pili uziue? Hapo sijashawishika, mkuu. Nimeanza kuzitafuta hizo kumi za Japani. Mwenye zenye maandishi ya Kiingereza atupie hapa, nataka kuona Sugawara analipwa kwa maili, kwa tani au kwa tripu.